Injini ya Milo

Ugonjwa wa mume wangu Milo ulianzia mkono wa kulia, ule wa kushikia spana. Kwanza kilitetemeka kidole gumba, akakificha mfukoni. Ukafuata mkono mzima, kisha na wa kushoto, na mtu aliyezeeka akifungua na kufunga injini za ndege za kunyunyizia dawa mashambani, aliyejulikana kaunti yetu yote, akawa hawezi kufunga kifungo cha shati lake.

Ubaya ni kwamba ugonjwa ulimkuta ameifungua injini. Haikuwa ya mteja, ilikuwa ya ndege yake mwenyewe, kindege cha mabomba na turubai chenye viti viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, kilichoundwa mwaka mmoja baada ya vita kuu ya pili. Injini ilikuwa inakula oili na kutoa moshi, akaishusha wakati mikono bado inamtii. Akaitenganisha yote. Krenki, ule mhimili mzito unaozungusha pangaboi la mbele, akaupeleka karakana ya mjini Lincoln ukachongwe upya, na silinda zikawekewe valvu mpya. Vitu viliporudi kutoka Lincoln, mikono ilikuwa imeshakwenda zake.

Basi vipande vikabaki juu ya meza mbili ndefu bandani, nimevifunika kwa mashuka yangu mabovu, vimelala kama maiti. Kila nikienda kuchukua ngazi au koleo la theluji lazima nivipite. Ndege yenyewe ilisimama pembeni bila pua.

Mimi sikuwahi kuipenda ndege ile. Nilikuwa mpishi wa shule ya hapa hadi nilipostaafu, miguu yangu imezoea sakafu. Ujanani nilipanda naye mara mbili, nikatapika mara zote mbili.

Mwezi wa kumi, watu wako mashambani wanavuna mahindi, akaja mtu kutoka mji wa Omaha aliyesikia kwamba ndege inauzwa. Mimi ndiye niliyemwambia. Akaizunguka, akabonyeza turubai la bawa kwa kidole, akafunua shuka moja, akalirudisha upesi.

"Mabawa na bodi nachukua," alisema. "Haya mengine mpe mnunuzi wa vyuma chakavu."

Milo alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari bovu alichokipigilia juu ya sanduku.

"Wewe hujaona ndege hapa," alimwambia. "Umeona mashuka. Barabara ya Omaha ni ile ile uliyojia."

Mtu akaondoka. Nilikasirika hata mate yakanikauka. Nilimshika Milo mkono tukavuka uwanja kurudi nyumbani, hatua zake zile fupi fupi za kuburuta, nami nikisema njia nzima.

"Unaisubiri nini, mzee? Kuruka huruki tena, daktari alishasema. Kuitengeneza huwezi. Mikono huna!"

"Mikono sina," alisema. "Wewe unayo."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamvua koti, nikamkalisha, nikamkatia nyama vipande vidogo kama vya mtoto, na wakati naosha vyombo nikamwona dirishani analitazama banda, na kidevu chake kinatetemeka nacho. Ningependa kusema nilikubali kwa mapenzi. Nilikubali kwa uchovu. Nilichoka na zile meza, nilichoka na lile dirisha. Nikajiambia, tuimalize iondoke, nipungukiwe na kitu kimoja cha kuangalia.

Ndivyo majira yale ya baridi yalivyokwenda. Asubuhi nilimwamsha, nikampa dawa, nikangoja miguu ilainike, nikamnyoa, nikamvalisha, nikamlisha uji wa shayiri. Kisha tunatoka. Bandani kulikuwa na jiko la mafuta lililotoa joto mbele tu, mgongo ukabaki kwenye barafu. Yeye kwenye kiti chake, blanketi magotini. Mimi nimesimama mezani na glavu zilizokatwa vidole.

"Spana hiyo siyo."

"Ipi siyo?"

"Hiyo uliyoshika. Hiyo ni ya bomba la jikoni kwako."

"Sema namba, Milo. Usiniambie 'hiyo' na 'ile'."

"Nusu inchi."

"Ahsante. Ungeanzia hapo tungekuwa tumeshakula."

Alikuwa mwalimu mgumu. Ukipangusa kipande akakuuliza umepangusa, ukasema ndiyo, anakwambia pangusa tena. Unywele mmoja kwenye beringi aliuona kutoka kitini. Nami sikuwa mwanafunzi mpole. Nilimwambia nimelisha watoto wa wilaya nzima kwa sufuria zinazonizidi kimo, kwa hiyo asinisemeshe kama hao vijana waliokuwa wakimfagilia banda. Alicheka siku ile mpaka akakohoa. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kiangazi.

Jioni nikishamlaza nilikuwa sina hata nguvu ya kuvua aproni. Oili iliingia kwenye mistari ya viganja vyangu ikakataa kutoka. Kanisani watu walinishika mkono wakautazama.

Tulipofika kwenye konrodi ndipo mambo yalipoharibika. Konrodi ni ile mikono minne ya chuma inayounganisha pistoni na krenki. Kila moja ina kifuniko chake cha chini, na kila kifuniko kimechongwa pamoja na konrodi yake, hakiingiliani na cha mwenzake hata kidogo. Ndiyo maana vimepigwa namba. Hilo Milo mwenyewe ndiye aliyenifundisha, tena kwa kurudiarudia hadi nikachoka nalo.

Nilikuwa nimeshaweka konrodi ya pili kwenye krenki, nikanyoosha mkono.

"Kifuniko," nikasema.

"Kilicho mbele yako."

Nikakigeuza. "Hiki kimepigwa tatu."

"Ndicho."

"Konrodi ni ya pili, Milo. Namba hazifanani."

"Ndicho, nimesema! Kifunge."

"Njoo utazame mwenyewe."

"Nitazame nini? Nimeifanya kazi hii maisha yangu yote, wewe umeanza juzi na mwiko mkononi! Kifunge hicho, na nati zake, na pini zake, tuendelee!"

Hakuwahi kunipigia kelele kwa sauti ile. Niliweka kifuniko mezani, nikavua glavu, nikatoka. Nilimwacha peke yake bandani, jambo nisilolifanya kamwe. Nilikwenda jikoni nikakata kabichi na kitunguu kwa ajili ya mikate ya kujazwa nyama, nikakata na kukata, kabichi ya kutosha shule nzima.

Niliporudi alikuwa chini. Hakuanguka, alijishusha mwenyewe kutoka kitini, sijui kwa njia gani, akatambaa hadi mezani. Alikuwa ameegemea mguu wa meza, kifuniko amekibana kwa viganja viwili mbele ya miwani, na kile chuma kinaruka ruka machoni pake asiweze kusoma.

"Nisomee," alisema.

"Tatu."

"Na konrodi?"

"Mbili."

Akakishusha kifuniko mapajani. Jiko likakoroma. Nikakaa sakafuni kando yake, maana kumwinua peke yangu sikuweza kabla sijapumua.

"Basi na kichwa nacho," alisema.

Nilimgeukia. Hakusema kama mtu aliyeshtuka. Alisema kama mtu anayehesabu kitu alichokwisha kukihesabu.

"Ulijua," nikamwambia.

"Tangu kabla ya mavuno. Siku ile nilipokwenda na gari kwa Gaylen. Nilipotea kurudi."

"Kwa Gaylen? Kwa jirani hapo tu?"

"Barabara zote zilikuwa moja, Ardith. Mahindi huku, mahindi huku, nikikata kulia, mahindi. Nilizunguka na kuzunguka. Nilipouona mnara wa nafaka ndipo nikajua niko wapi. Nikakwambia nilikuwa napiga soga."

"Na ukaniacha niendelee kupanda gari na wewe!"

"Siku iliyofuata nilikupa funguo. Nilisema ni kwa sababu ya mikono."

Ni kweli, alinipa. Nilidhani ni mikono kweli. Nilimtazama pale sakafuni, nywele zake nyeupe zina vumbi la chuma, na nikaelewa haraka yake yote ya majira yale, kunitoa kila asubuhi kwenye theluji, kumkatalia yule mtu wa Omaha. Alikuwa anakimbizana na kichwa chake mwenyewe. Alitaka kuifunga injini wakati bado anajua kila kipande kinakaa wapi, nami nikadhani ni ukaidi wa uzee tu.

Ningelia, lakini kulia nako kunataka nguvu.

"Sasa tutafanyaje?" nikamuuliza.

Alinyoosha kidevu kuelekea rafu. "Kitabu cha injini kipo rafu ya juu. Kuanzia sasa unakisoma kwa sauti, kila hatua. Mimi nasema ninachokijua. Tukitofautiana, unafuata kitabu."

"Na ukinipigia kelele?"

"Fuata kitabu." Kisha, kwa sauti ya chini: "Usiniamini tena kwenye injini hii, mama. Watu watapanda."

Nilimwinua, mara ya kwanza tukashindwa, mara ya pili tukaweza. Nikafunga kifuniko cha pili kwenye konrodi ya pili.

Baada ya hapo kazi ilikwenda polepole zaidi. Nilisoma kama mtu anayesoma Maandiko kanisani, naye akaitikia. Mara nyingi alikuwa sahihi, na kila alipokuwa sahihi nilifurahi kuliko alivyofurahi yeye. Mara chache hakuwa sahihi, nami nikasema tu, "Kitabu kinasema vingine," naye akaangalia pembeni akaitikia kwa kichwa. Hakunipigia kelele tena. Mara nyingine nilitamani angepiga.

Kabla ya kufunga kasha tulimwita Gaylen Pospisil. Huyu ni rubani wa kunyunyizia dawa, na ana leseni ya ukaguzi. Bila sahihi yake injini isingeruhusiwa kwenda popote. Kazi alifundishwa na Milo, na ingawa sasa ana wajukuu, akiingia bandani kwetu huvua kofia. Alikuwa akipita kila wiki kutazama, na siku hiyo alikagua saa nyingi, kwa tochi na kioo kidogo, akapima kila nati, akavuta kila pini.

"Nani kakunja pini hizi?" aliuliza.

"Mimi. Zina nini?"

"Hazina kitu. Zimekunjwa vizuri kuliko zangu."

"Usimsifu," Milo alisema kutoka kitini. "Ataomba mshahara."

Gaylen alicheka, lakini alipokwenda kwenye gari lake nilimfuata nikamwambia habari ya kichwa. Alisimama ameushika mlango wa gari. "Nilimwona siku ile," akasema. "Alipita mbele ya nyumba yangu tena na tena. Nikampungia mkono, akanipungia. Nikadhani anajaribu gari." Alivaa kofia, akaivua tena. "Ningemfuata, Ardith."

"Nani angejua," nikamwambia.

Kasha la injini ile ni nusu mbili. Kati yake hupakwa gundi nyembamba na kulazwa uzi wa hariri, ili oili isipenye. Uzi ulitoka kwenye kikapu changu cha kushonea. Hiyo ndiyo kazi pekee ya majira yale iliyonipa raha, kuulaza ule uzi ukingoni, ukipita nje ya kila tundu la boliti, bila kukatika. Milo alitazama vidole vyangu tu, na vyake vikicheza juu ya blanketi.

Tuliipandisha kwa chenibloki, ule mnyororo wa kuinulia vitu vizito, mwezi wa tatu, wakati korongo wameshajaa kwenye mto Platte na kelele zao zinafika hadi kwetu. Siku ya kuiwasha upepo ulikuwa mkali. Milo hakuweza kusimama nje, tukamkalisha ndani ya pikapu, dirisha wazi. Ndege ile haina betri wala stata, mtu huzungusha pangaboi kwa mkono. Gaylen alikuwa mbele, mimi ndani kwenye kiti cha rubani, visigino kwenye breki.

Alizungusha. Kimya. Akazungusha tena. Kimya. Akazungusha hadi akavua koti kwenye baridi ile.

"Mafuta yanafika?" Milo aliuliza kwa sauti iliyoliwa na upepo.

"Yanafika!"

"Basi subirini kidogo. Mmeilowesha kwa mafuta. Fungua kabisa huo mkono wa kasi, izungushe kinyume, swichi imezimwa!"

Tulifanya hivyo. Mara ya pili baada ya hapo ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikashika. Bodi nzima ikatetemeka chini yangu. Nilitazama mshale wa oili, ukapanda, ukasimama pale panapotakiwa. Nikamwonyesha Milo kidole gumba. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kiti, amefumba macho, anasikiliza.

Tulipoizima, oili ilikuwa inadondoka chini. Gasketi ya kikombe cha oili, ile pedi ya kuzuia isivuje, nilikuwa nimeikaza upande mmoja kuliko mwingine. Nilikaa kwenye ndoo nikatazama matone yale kwenye theluji chafu, na kama mtu angenipa kiberiti wakati ule sijui ningefanya nini. Kesho yake tukafungua, tukaanza upya sehemu ile. Haikuvuja tena.

Gaylen aliirusha peke yake siku kadhaa, akitua kila baada ya muda kutazama chini ya bodi. Aliporidhika akasema, "Mzee, leo zamu yako."

Nilikuwa nimemvalisha Milo tangu alfajiri. Alivaa koti lake la ngozi. Tulimfikisha mlangoni pa ndege, Gaylen akamshika kiunoni, mimi mguu. Kiti cha abiria kiko nyuma, na kuingia unapinda mwili ukipita kwenye mabomba. Mguu wake haukupinda. Tulijaribu wa kulia kwanza, tukajaribu wa kushoto. Tulijaribu aingie kwa mgongo. Gaylen alipanda ndani akamvuta kwa mabega, akagonga kichwa, mimi nasukuma, na Milo akitoa sauti ndogo ambayo sikutaka kuisikia. Akabaki nusu ndani nusu nje, amekwama kama samani mlangoni, anahema.

"Basi," alisema. "Nitoeni."

"Tupumzike kidogo, tujaribu tena," Gaylen alisema.

"Nitoe, Gaylen."

Tukamtoa, tukamrudisha kwenye pikapu. Nilimfuta damu kidogo kwenye kiwiko. Kisha akanisukuma bega.

"Nenda wewe."

"Mimi? Nitatapika."

"Tapika. Wewe ndiye umeifunga. Mimi nataka mtu anayeijua akaniletee habari."

Nilikwenda. Tuliinuka juu ya banda, juu ya mashamba yaliyovunwa, mraba baada ya mraba na zile barabara zake zinazofanana, na kweli, kutoka juu huwezi kujua ipi ni ipi. Lakini mashamba sikuyatazama sana. Nilisikiliza. Kila nati niliyoikaza niliihisi chini ya miguu yangu, kila pini, na ule uzi wangu wa hariri. Sijawahi kuogopa vile, na sijawahi kujivunia kitu vile, vyote kwa pamoja, na nikatapika, ndiyo, kwenye mfuko alionipa Gaylen.

Tulipotua nilikwenda moja kwa moja dirishani kwa Milo, kinywa bado kichungu.

"Haya?" alisema.

"Inavuta vizuri. Ukipunguza mafuta inatetemeka kidogo, kisha inatulia."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikamshika mkono wake, ule unaotetemeka, nikaushikilia mpaka ukapungua. "Kiasi hiki."

Aliitikia kwa kichwa. "Hiyo ni sawa," alisema. "Ilikuwa hivyo tangu zamani."

Aliyeinunua ni daktari wa mifugo kutoka jimbo la South Dakota, Kirsten Aadland, mwanamke mrefu, mchache wa maneno, anayezungukia mashamba ya ng'ombe yaliyo mbalimbali. Alimuuliza Milo maswali ya maana, na Milo aliyajibu yote isipokuwa moja, ambalo nililijibu mimi. Alipoondoka na ndege tulisimama, yaani mimi nilisimama, naye alikaa kwenye pikapu, hadi sauti ilipokwisha upande wa kaskazini.

"Yule mama anajua kuitua?" aliuliza.

"Anajua. Gaylen alimpima."

"Sawa."

Tulirudi nyumbani. Jua lilikuwa bado liko juu, lakini aliomba akae kwenye kiti chake cha sebuleni. Nilipiga magoti nimvue buti. La kwanza lilitoka kwa shida, kama kawaida. Nilipoinua macho nimwambie akunje vidole vya mguu wa pili, alikuwa ameshalala, mdomo wazi, na mikono yake imetulia kwenye mapaja, maana usingizini hutulia. Nilikuwa na viazi vya kumenya, na dawa zake za saa kumi. Nilikaa hapo hapo sakafuni, mgongo kwenye kiti chake, buti mapajani, nikafumba macho kidogo.